Toni za Kilokele katika ngoma na katika maandishi

Henry Morton Stanley, aliyeshuka mto Kongo mwaka 1877, alikiri katika kitabu chake cha 1878 kwamba ngoma za wenyeji zilipeleka habari zilizo wazi, kwa wenye kuzijua, kama maneno ya kinywa. Wazungu wengi baada yake walidhani ni alama za mapatano tu, mfano wa zile za telegrafu. Aliyeeleza jambo hili kwa mapana ni John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu, karibu na Kisangani. Kitabu chake juu ya ngoma zisemazo kilitoka mwaka 1949.

Maelezo yalikuwa ndani ya lugha yenyewe. Kilokele kina toni mbili, ya juu na ya chini, nazo hutenga maana kama konsonanti zinavyotenga. Neno lisaka, silabi zote tatu zikiwa chini, ni dimbwi la maji. Ya mwisho ikipanda, ni ahadi. Mbili za mwisho zikipanda, ni sumu. Msemaji wa Kiswahili, lugha iliyopoteza toni za namna hiyo ikabaki na mkazo, huelekea kuziona kuwa pambo la usemi. Kwa Mlokele ni mwili wa neno.

Lokole ni gogo lililochimbwa kupitia mwanya mwembamba. Midomo ya mwanya huo haina unene sawa: mmoja hutoa sauti ya juu, wa pili ya chini. Vokali na konsonanti hazimo. Kwa hiyo songe (mwezi), koko (kuku) na sango (baba), yote yakiwa na toni juu-juu, kwa ngoma ni kitu kimoja. Hapo mpigaji huongeza fungu la maneno lililozoeleka: mwezi ni ule uitazamao nchi toka juu, kuku ni yule mdogo aliaye kiokio. Uzuri wa mafungu hayo hauna ubishi, lakini kazi yake ya kwanza ni kuondoa utata.

Herufi za Kilatini zilitenda kinyume. Zilishika vokali na konsonanti, zikaiacha toni, isipokuwa mwandishi aweke alama. Pasipo alama, ahadi na sumu huandikwa namna moja. Kufikia miaka ya 1950 Carrington alikuwa ameona vijana waliosoma shuleni wakiacha kujifunza ngoma. Mtafiti anayekusanya msamiati wa Kilokele bila kuandika toni huacha nje sehemu ileile ambayo lokole ilikuwa ikiitunza.