Haki na hukumu ni maneno ya koo mbili

WENGI huamini kwamba hakimu ameitwa hivyo kwa sababu kazi yake ni kutoa haki. Sivyo. Maneno hayo yanafanana kwa sauti tu.

Haki linatokana na neno la Kiarabu haqq, lenye maana ya ukweli, jambo lililothibiti, na pia kile ambacho mtu anastahili kupewa. Katika Uislamu, Al-Haqq ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Ukoo huo ndio uliozaa neno hakika, na ndiyo maana anayeapa "haki ya Mungu" hadai chochote. Anasisitiza kuwa asemalo ni kweli.

Hakimu, hukumu, mahakama na hekima ni ya ukoo mwingine wa Kiarabu, unaohusu maamuzi na busara. Kwa asili ya maneno, basi, mahakama ni mahali pa kukata shauri. Haki ni kitu kinachotarajiwa kupatikana humo. Mwananchi anayelalamika kwamba amepewa hukumu lakini hakupata haki hajachanganya maneno hata kidogo.

Ajabu ni kwamba jaji, neno lililopitia Kiingereza, lina asili ya Kilatini, iudex, lililoundwa kwa ius, yaani sheria au haki, na kitenzi cha kusema. Jaji ana haki ndani ya jina lake; hakimu hana.

Ugumu mwingine umo katika matumizi. Kiingereza kina neno moja kwa kile mtu anachostahili na jingine kwa uadilifu wa maamuzi. Kiswahili huyaita yote haki. Mjane aweza kuwa na haki ya kurithi shamba, kesi ikacheleweshwa hadi shamba likauzwa: haki anayo, lakini hakutendewa haki.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inatumia maana zote mbili. Sehemu ya haki na wajibu, iliyoingizwa mwaka 1984, inataja anachostahili kila mtu. Ibara ya 107A inaipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji haki, na kuitaka isiicheleweshe bila sababu ya msingi wala kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama nchini humo, huku Kiingereza kikiruhusiwa katika mazingira maalumu. Tangu hapo, anayeandika hukumu kwa Kiswahili hulazimika kuonyesha ni haki ipi anayoizungumzia.