Nyota za Pembezoni

Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi waliwekwa kambini hapa. Maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi kwa maradhi, na wengi wao hawana kaburi lenye jina.

Taa za mji zilikuwa chache wakati huo. Usiku mweusi wa Januari, upande wa kusini, mtu angeweza kuona mabaka mawili ya mwanga hafifu, kama mawingu yasiyopeperuka. Ni galaksi mbili ndogo, jirani za galaksi yetu, ziitwazo Mawingu ya Magellan. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt wa Marekani, binti wa mchungaji na mwenye ulemavu wa kusikia, alichunguza nyota 25 katika Wingu Dogo. Ugunduzi wake uliwapa wanasayansi kipimo cha umbali wa nyota. Leo tunajua nuru ya Wingu lile husafiri miaka kama 200,000 kabla ya kutufikia.

Mwaka 1963 wanasayansi nchini Australia waligundua gesi ya haidrojeni imetanda kati ya Mawingu hayo kama daraja. Wingu Kubwa, kwa uvutano wake, liliing'oa gesi hiyo pembezoni mwa Wingu Dogo. Baadaye zikaonekana humo nyota changa. Umri wao ni mdogo mno kwa safari ndefu kutoka kwingine, zimezaliwa palepale. Chombo cha Gaia, kilichorushwa mwaka 2013, kimepima mwendo wa nyota za ukingoni mwa Wingu Dogo na kuonyesha kuwa nyingi zinavutwa kuelekea Wingu Kubwa hadi sasa.

Kung'olewa kwa nguvu si baraka, na vita ile haikuwa baraka. Lakini Muumba hakupaacha mahali pale patupu. Zaburi ya 147 inamtaja Mungu kuwa mganga wa wenye huzuni, na papo hapo kuwa mwenye kuzijua nyota, kila moja kwa jina.

Kariakoo bado ina wachukuzi. Tukiwaita tuwape mzigo, tuwaulize kwanza majina yao.