Kwa Nini Twaikumbuka Siku ya Kufa?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, wakubwa wa jumuiya yetu waliponitaka niandike katika kijitabu hiki habari ya kuwakumbuka waliotangulia, nalikumbuka swali la kijana mmoja wa hapa Buyenzi, mjini Bujumbura. Tulikuwa tukitoka katika khitima ya kutimiza mwaka wa mzee mmoja wa mtaa. Kijana akanishika mkono, akaniuliza: "Sheikh, Mtume twamsomea maulidi, na hayo ni mazazi yake. Mbona mashehe wetu twawasomea siku ya kufa kwao?" Nalimjibu kwa maneno machache, tukaagana. Lakini usiku nilipolala naliona kwamba jibu langu halikumtosha, wala mimi mwenyewe halikunitosha. Haya niandikayo leo ndiyo jibu nililomkosesha siku ile.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Hauli ni neno la Kiarabu, na maana yake ni mwaka uliotimia. Ndilo neno litumiwalo katika fikihi kwa mali iliyokaa mwaka mzima ikapasa kutolewa zaka. Basi kama vile mwenye mali anavyokaa kila mwaka akahesabu alicho nacho, ndivyo watu wanavyokaa kila mwaka wakahesabu walichoachiwa na marehemu wao. Na kwa kuwa mwaka wetu wa mwezi una siku 354 au 355, siku hiyo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua. Mtu aliyefariki wakati wa masika, baada ya miaka kadha huja akakumbukwa wakati wa kiangazi.

Jambo la pili ni hili. Sayyidna Umar bin Khattab, katika mwaka wa 17 wa Hijra, alitaka shauri la masahaba juu ya mwanzo wa tarehe ya Waislamu. Yalitajwa mambo mbalimbali: kuzaliwa kwa Mtume, kupewa kwake utume, na kufariki kwake. Shauri likakatika kwamba tarehe ianze kwa kuhama kwake kutoka Makka kwenda Madina. Tazameni hekima ya jambo hilo. Kuzaliwa si kazi ya mtu, na kufa si kazi ya mtu. Kuhama ilikuwa ni kazi, tena kazi ya taabu na hatari. Masahaba waliihesabu miaka kwa kitendo. Basi na sisi tukiikumbuka siku ya kufa kwa mtu, tusidhani kwamba twakitukuza kifo. Siku hiyo ndiyo daftari la vitendo vyake linapofungwa, na ndipo watu wawezapo kulisoma lote, tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho.

Sasa nitatoa mfano, nao unatuhusu sana sisi tukaao pande hizi za ziwa Tanganyika, kwa sababu wengi wetu babu zetu walitoka Manyema.

Katikati ya karne ya 19 alizaliwa mtoto huko Manyema, upande wa mashariki wa Kongo. Siku aliyozaliwa hapana aliyeiandika. Zama zile zilikuwa zama za misafara ya pembe na watumwa. Njia ilitoka Kasongo na Nyangwe, ikavuka ziwa mpaka Ujiji, ikapita Tabora, ikaishia Bagamoyo, ukingoni mwa bahari. Mtoto huyo alifikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa, akakaa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, ambaye baadaye alikuwa Liwali wa mji ule. Jina lake lilikuwa Yahya bin Abdallah. Nanyi mwajua kwamba kwa desturi ya zamani, mtu aliyekatwa na nasaba yake alikuwa akiitwa bin Abdallah, yaani mwana wa mja wa Mungu, kwa kuwa baba wa kumtaja hakuwapo. Lakini watu walimjua zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya.

Katika nyumba ile alisomeshwa Kurani. Akajitafutia riziki kwa kuuza samaki, na fedha aliyoipata akanunua mashamba ya minazi. Akaendelea kusoma kwa Sheikh Abu Bakr bin Taha, mwanachuoni wa Bagamoyo, kisha yeye mwenyewe akafungua chuo akasomesha. Akaingia katika tarika ya Kadiria, akawa khalifa mkubwa ambaye watu walimjia kutoka pwani na bara. Waingereza walipoishika Bagamoyo katika Vita Kuu, mwaka 1916, yeye ndiye waliyemfanya Liwali. Zingatieni, ndugu zangu: sheria ya kukomesha utumwa katika Tanganyika haikutoka mpaka mwaka 1922. Basi mtu huyu aliyeletwa kama bidhaa alikaa katika kiti cha yule aliyekuwa bwana wake, na utumwa wenyewe ulikuwa bado haujafutwa kwa sheria.

Sheikh Ramiya alifariki dunia mwaka 1931, na mwanawe, Sheikh Muhammad, akashika mahali pake. Maulidi na zikri za Bagamoyo zikaendelea kukusanya watu kwa maelfu. Basi hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa yule kijana. Kuna watu ambao siku yao ya kuzaliwa walinyang'anywa, pamoja na baba zao na vijiji vyao. Siku ya kufa hapana mtu aliyeweza kuwanyang'anya. Wakati wa kuzaliwa Sheikh Ramiya alikuwa ni mtoto asiyejulikana katika nchi yenye vita. Wakati wa kufa alikuwa ni mtu ambaye mji mzima ulisimama kumzika.

Mlinganisheni na mtu mwingine wa njia ile ile ya misafara. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, ndiye aliyekuwa bwana mkubwa wa Manyema. Alikuwa na watu wengi, na bunduki nyingi, na mashamba huko Unguja, na akasimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Alifariki Unguja mwaka 1905. Wasomaji wa tarikh humtaja, na nyumba yake ingali yajulikana. Lakini mimi, katika umri wangu wote, sijasikia watu wakisafiri kwa ajili ya hauli yake. Mmoja alikwenda Manyema kuchukua, na mwingine alichukuliwa kutoka Manyema. Leo yule aliyechukuliwa ndiye aombewaye dua na watu ambao hakuwazaa wala hakuwaona.

Huenda mtu akasema kwamba watu hukumbukwa kwa nasaba, na kwamba mfano wangu ni wa nadra. Basi tumtazame mwenye nasaba. Sayyid Swaleh bin Alawi Jamal al-Layl, ajulikanaye kwa jina la Habib Swaleh, alikuwa sharifu aliyetoka Ngazija akahamia Lamu. Kwa ukoo wake angeweza kukaa pamoja na wakubwa wa mji akaheshimiwa, asiulizwe neno. Lakini alikwenda kukaa pembeni, nje ya mji wa mawe, akawasomesha watumwa na watu wanyonge ambao wakubwa wengi hawakupenda kuwaona wakisoma. Aliwatibu wagonjwa, akawasomea maulidi ya al-Habshi, na akaweka msingi wa msikiti na chuo cha Riyadha. Alifariki mwaka 1935. Kila mwaka katika Mfungo Sita watu humiminika Lamu kwa maulidi, na miongoni mwa mambo wayafanyayo ni kulizuru kaburi lake. Je, wamwendea kwa nasaba yake? Masharifu ni wengi, na wengi wao wamelala makaburini pasi na kutembelewa. Wamwendea kwa sababu ya ule mlango alioufungua, ambao haujafungwa mpaka leo.

Mtume wetu ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali yake hukatika, isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha watu, na mtoto mwema amwombeaye. Tukiwapima hawa kwa mizani hiyo twaona kwa nini hawakusahauliwa.

Sasa nafika penye jambo zito, nalo ni ugomvi uliopo baina yetu. Wako vijana wasemao kwamba hauli ni bidaa na haifai kabisa. Wako na wazee wasemao kwamba asiyehudhuria hauli hana adabu kwa wakubwa. Nimepata kuona ndugu wawili wa baba mmoja hawasemezani kwa jambo hili. Mimi si mwenye kutoa fatwa katika kijitabu cha kumbukumbu. Nataka kuwaonyesha tu mfano wa watu wawili waliokuwa wakali juu ya bidaa.

Wa kwanza ni Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891. Mwaka 1930 alitoa karatasi yake iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la al-Islah. Humo aliwahimiza Waislamu kutafuta elimu, wanaume kwa wanawake, na akakemea mambo mengi aliyoyaona si ya dini. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na akafariki tarehe 1 Aprili 1947. Wa pili ni mwanafunzi wa njia yake, Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1912, akafasiri Kurani kwa Kiswahili, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1968, na akafariki Oman mwaka 1982.

Huyu Sheikh Abdallah alipiga vita bidaa kwa kalamu na kwa ulimi. Lakini ni nani aliyewahifadhi wanavyuoni wetu kuliko yeye? Mwaka 1972 kilitoka kitabu chake juu ya baadhi ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Humo aliandika habari zao mmoja mmoja: huyu alisoma kwa nani, alimsomesha nani, aliandika nini, alifariki lini. Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, wote wawili waliofariki mwaka 1925, twawajua leo kama majirani zetu, ilhali wengi wetu hatukuwa tumezaliwa walipokufa. Mtu asiyependa mikusanyiko ya makaburini ndiye aliyetufanyia hauli kubwa kupita zote, hauli ya wino na karatasi. Basi mwenye kupenda hauli na mwenye kuikataa, wote wawili wana deni moja, na deni hilo halilipwi kwa pilau wala kwa matusi. Hulipwa kwa kuandika.

Na hapa yanipasa kukiri kosa langu mwenyewe. Maalimu wangu wa kwanza, aliyenisomesha tangu alifu mpaka nikahitimu juzuu thelathini, alikuwa mzee sana. Jioni, baada ya darasa, alikuwa akitusimulia: nani alimleta baba yake kutoka ng'ambo ya ziwa, nani aliyeanzisha chuo cha kwanza mtaani, misikiti ile ya zamani ilijengwa na mikono ya nani. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, wewe una hati nzuri. Lete daftari uandike." Nalimwambia, "Inshallah, maalimu, kesho." Nilikuwa kijana, nilikuwa na haraka ya kwenda kwa wenzangu. Ile kesho sikuileta. Maalimu akafa, na siku ya kufa kwake naijua, na kila mwaka namsomea khitima. Lakini mwaka jana mjukuu wake alinijia akaniuliza jina la baba yake maalimu na mji aliotoka, nami sikuwa na la kumjibu. Nalikaa kimya mbele ya mtoto yule kama mwanafunzi asiyehifadhi somo lake. Naijua siku, na yale yaliyoifanya siku hiyo istahili kukumbukwa nimeyapoteza.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Bujumbura, na wa Rumonge, na wa Uvira, na wa Kasongo, nawaletea shauri, nalo si zito. Kila jumuiya iwe na daftari moja. Kila inapofika hauli, kabla ya kusomwa dua, asimame mtu mmoja asome habari za maisha ya marehemu kwa robo saa: alikuwa nani, alijifunza kwa nani, alimsaidia nani, alijenga nini. Asiyejulikana habari zake, waulizwe wazee wangali hai, na yatakayopatikana yaandikwe siku hiyo hiyo. Wala tusiwaandike masheikh peke yao. Yuko bibi aliyesomesha watoto wa mtaa mzima ukumbini mwake bila ya kulipwa. Yuko mchimba kisima. Yuko mwosha maiti, aliyewaosha maiti wetu kwa miaka arobaini. Nao pia wana siku yao.

Na wewe kijana uliyeniuliza, ukisoma haya, jibu langu ni hili: twaikumbuka siku ya kufa kwa sababu ndiyo siku ambayo mtu haongezi tena neno katika daftari lake, na kazi ya kulisoma hutuangukia sisi. Ukimwona mzee anakaa barazani peke yake, usiseme kesho. Lete daftari.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotutangulia, tuwajuao majina na tusiowajua, waliozikwa mijini na waliozikwa njiani katika misafara, na makaburi yao hayajulikani ila kwako. Utujaalie na sisi tuache nyuma yetu kitu kitakachofaa kusomwa. Amin.