Kikundi cha Kassa na Kufufuliwa kwa Tamthilia ya Bánk bán, 1833

Ni mazoea kueleza kuchelewa kwa Bánk bán kufika jukwaani kwa sababu moja tu, yaani udhibiti wa dola ya Habsburg. Insha hii inadai kwamba maelezo hayo ni nusu ya ukweli. József Katona aliiandika tamthilia hiyo mwaka 1815 kwa ajili ya shindano la jarida la Erdélyi Múzeum, na waamuzi hawakuitaja kabisa. Mwaka 1819 aliisuka upya. Mdhibiti akaruhusu ichapishwe, akakataza isiigizwe.

Kwa nini chapa iruhusiwe na jukwaa likatazwe? Kisa chenyewe kinajibu. Mwaka 1213, Mfalme András wa Pili akiwa vitani, malkia wake wa kigeni, Gertrudis, aliuawa na wakuu wa Hungaria. Katika utunzi wa Katona muuaji ni Bánk, kaimu wa mfalme, ambaye mkewe Melinda amevunjiwa heshima na ndugu wa malkia. Hata hivyo, hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imo kinywani mwa Tiborc, mkulima fukara anayelalamika kwamba majumba ya fahari yanajengwa huku watu wake wakishinda njaa. Msomaji huyasoma maneno hayo peke yake. Ukumbini husikiwa na umma kwa pamoja.

Katona, aliyewahi kuwa mwigizaji kabla ya kushika uwakili, alichapisha makala mwaka 1821 kuhusu kudumaa kwa utunzi wa tamthilia nchini mwake. Humo alilaumu udhibiti, lakini pia ukosefu wa jumba la maonyesho. Alifariki mwaka 1830 bila kuiona kazi yake ikiigizwa.

Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 15 Februari 1833 mjini Kassa, ambao leo ni Košice, Slovakia. Udhibiti ulikuwa ungalipo. Kilichopatikana ni kikundi. Uigizaji wa kulipwa kwa Kihungaria ulikuwa mchanga, haujatimiza nusu karne, na waigizaji waliishi kwa kiingilio. Miklós Udvarhelyi aliichagua Bánk bán kwa usiku ambao mapato yake yalikuwa haki yake. Jambo hili halipaswi kupuuzwa: riziki ya mwigizaji iliwekwa rehani kwa tamthilia iliyokuwa imesahauliwa.

Pest iliiona mwaka 1839. Tarehe 15 Machi 1848, siku ya mapinduzi, umati uliidai katika Jumba la Taifa la Maonyesho. Ikaanza, kisha ikakatizwa na shangwe na nyimbo kabla haijafika mwisho.