Hamamni: Nani Alichochea Moto?

Ndugu msomaji, sisi wa Kigonsera mvuke tunaujua: chungu cha majani yanayochemka, blanketi gubigubi, jasho chapachapa. Hiyo ndiyo nyungu, dawa yetu ya mafua. Basi siku ukifika Zanzibar, Mji Mkongwe, uliza njia ya Hamamni, ukaone wenzetu walivyoufanya mvuke kuwa starehe ya mjini.

Hamamu hiyo ilijengwa kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala 1870 hadi 1888. Fundi Haji Gulam Hussein aliijenga kwa mtindo wa Kiajemi. Maji ya moto yalipita chini ya sakafu, vyumba vikapata joto. Na haikuwa ya ikulu peke yake, bwana: mwenye kiingilio chake aliingia, akaoga, akanyolewa, akapiga soga. Mwaka 1920 ikafungwa. Leo ni kavu. Unalipa kutazama tu.

Lakini, kijana mwenzangu, usiishie kumsifu fundi. Misafara ya watumwa ilitoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa, kisha majahazi yakawavusha watu wetu mpaka Unguja. Barghash huyo huyo alitia saini kufunga soko la watumwa mwaka 1873, akishinikizwa na Waingereza. Utumwa wenyewe ukafutwa kisheria 1897. Sasa jiulize: kuni za hamamu zilibebwa na nani? Kuta hazisemi. Habari za waliojenga na waliooga zimeandikwa tele. Za wachochea moto zinatungoja sisi tunaoshika kalamu.