U-852

U-852 ilikuwa nyambizi, yaani manowari iwezayo kusafiri chini ya maji, ya Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, iliyojengwa Bremen kwa safari ndefu za kufika hadi Bahari ya Hindi. Iliondoka Kiel Januari 1944 chini ya Heinz-Wilhelm Eck, na tarehe 13 Machi, katika Atlantiki ya Kusini, ikaizamisha kwa torpido, kombora lipitalo majini, meli ya mizigo ya Kigiriki Peleus. Kisha Eck, akihofia kwamba mabaki yanayoelea yangewafichulia marubani wa adui njia yake, akaamuru vyelezo vya kujiokolea vimiminiwe risasi usiku huo, ingawa mabaharia walikuwa wameving'ang'ania. Watu watatu tu ndio waliookolewa, baada ya kuelea zaidi ya wiki tano. Mwanzoni mwa Mei ndege za Uingereza aina ya Wellington ziliijeruhi nyambizi hiyo hata isiweze tena kupiga mbizi, nayo ikapandishwa ufukweni Somalia na kulipuliwa na mabaharia wake wenyewe, lakini shajara yake ya safari, kwa uzembe usioelezeka kirahisi, haikuteketezwa, ikaangukia mikononi mwa Waingereza. Eck na maofisa wake wawili walihukumiwa Hamburg, wakapigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945.