Asili ya Kuduro

Huenda wewe, msomaji, umepata kusikia harusini au ndani ya matatu wimbo uitwao "Danza Kuduro". Wimbo huo ulitoka mwaka 2010 ukaenea duniani kama moto wa nyika. Walioimba walikuwa wawili: Don Omar, mtu wa Puerto Rico, na Lucenzo, aliyezaliwa Ufaransa kwa wazazi wa Kireno. Hapana Mwangola kati yao. Walakini ngoma waliyoitaja ni ya Angola. Na tuifuate hadi kwao.

Angola ilijitawala tarehe 11 Novemba 1975, ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe ambavyo havikukoma kabisa hadi mwaka 2002. Watu wengi waliyakimbia mashamba, wakajenga vibanda kandokando ya Luanda, katika mitaa iitwayo musseque, neno la Kimbundu lenye maana ya mahali pa mchanga. Humo ndimo kuduro ilimokulia, tangu mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa ile ya 1990. Vijana waliichukua midundo ya mashine iliyotoka Ulaya, wakaichanganya na semba ya kwao na zouk ya visiwa vya Karibi, wakaiharakisha hata ikafika mapigo 140 hivi kwa dakika. Tony Amado, ambaye wengi humwita mwanzilishi, amesimulia kuwa uchezaji wake aliupata kwa kumtazama Jean-Claude Van Damme katika sinema, akicheza hali amelewa. Jina lenyewe maana yake ni makalio magumu. Mwalimu wako asikasirike. Historia haichagui maneno.

Ngoma hii haikungoja ruhusa ya redio. Ilisambazwa na magari ya abiria yaitwayo candongueiro, ndugu wa matatu zetu, ambayo yaliipiga kwa kishindo kutoka mtaa hadi mtaa.

Sasa watazame wachezaji. Huyu anaburuta mguu kama uliokufa ganzi. Yule anajitupa chini ghafula, kisha anainuka. Vita viliacha mabomu mengi yaliyotegwa ardhini, na maelfu ya watu walikatwa viungo. Je, wachezaji wanawadhihaki? Mimi sidhani. Costuleta, mwimbaji mashuhuri wa kuduro, ana mguu mmoja, naye hucheza jukwaani mbele ya halaiki ya watu. Mtu wa namna hiyo hachezi kwa kuombewa huruma.

Waangola waliohamia Ureno waliichukua ngoma yao. Karibu na Lisbon, katika kitongoji cha Buraca, lilipatikana jina la kundi la Buraka Som Sistema, ambalo ndani yake Waangola na Wareno walipiga pamoja. Santuri yao ya "Black Diamond" ilitoka mwaka 2008. Katika wimbo wao "Sound of Kuduro" aliimba M.I.A. wa London, na pamoja naye walitajwa kwa majina Waangola DJ Znobia, Saborosa na Puto Prata. Basi vilabu vya Ulaya viliwacheza watu wa Luanda, vikijua ni wa Luanda.

Miaka miwili baadaye ndipo ulipokuja wimbo ule wa harusini. Kwa sikio langu, mdundo wake una Karibi nyingi kuliko Luanda. Usikilize tena, kisha usikilize wa Znobia, na uhesabu mapigo mwenyewe.